Kabla fundi hajafungua poti: kamera za nyumbani na ruta yako



Katika maombi ya miradi midogo yaliyofika mezani kwetu siku za karibuni, yako manne yenye mstari unaofanana. Baada ya bei ya kamera, waya, mashine ya kurekodi na ujira wa fundi, imeandikwa: "Kuunganisha kamera na simu." Mbele yake kuna kiasi cha fedha. Tulipowauliza wanakamati mstari huo unalipia kazi gani hasa, tulipata jibu lilelile katika sharika zote nne, kwamba fundi anajua.

Hatuna ugomvi na mafundi. Lakini kamati inayosaini malipo inapaswa kuelewa kinacholipiwa, na mfadhili anayechangia ana haki ya kuelezwa. Aidha, mstari huo mdogo ndio unaoamua kama kamera zitakuwa za mwenye nyumba peke yake, au zitakuwa pia za watu asiowajua. Kwa hiyo katika toleo hili tumeona ni vema tueleze kazi hiyo ni nini, inafanyikaje, na kwa nini mara nyingi tunashauri isifanyike.

Tuanze na nyumba moja ya mchungaji, ambayo hatutaitaja kwa jina. Nyumba hiyo ilivunjwa mara mbili katika mwaka mmoja. Mara ya pili wezi walichukua betri za sola, inveta, na kompyuta iliyokuwa na orodha ya washarika. Kamati ikachangisha, rafiki wa usharika aliyeko ng'ambo akaongezea, zikanunuliwa kamera nne: moja getini, moja stoo, moja uani, ile ya aina inayoweza kugeuzwa kwa simu, na moja sebuleni, kwa kuwa usharika huo hauna ofisi na sadaka za Jumapili huhesabiwa pale. Nyumba ilikuwa tayari na intaneti ya fiba. Fundi akafunga, akachukua simu ya mchungaji na ya mzee mmoja wa kanisa, akawaonyesha picha. Watu wakafurahi, fundi akalipwa.

Miezi mitano baadaye, binti wa mchungaji aliona kwamba jina la kamera ya getini, lililokuwa likionekana pembeni mwa picha, limebadilika. Badala ya "GETI" kulikuwa na neno la Kiingereza lenye maana kwamba kifaa kimevamiwa. Alipofungua kamera ya uani akakuta haitazami tena banda la kuku ilikoelekezwa. Imegeuzwa, inatazama kamba ya kuanikia nguo na dirisha la chumba cha watoto. Tulipoitwa na kufungua daftari la ndani la ile mashine, ambalo huandika kila anayeingia, tulikuta watu wameingia saa nane na saa tisa za usiku kutoka anwani zisizo za mtu yeyote wa nyumba ile. Neno la siri lilikuwa lilelile lililotoka nalo kiwandani, tarakimu tano zinazofuatana. Aliyeingia hakujulikana hadi leo.

Mama mchungaji hakuuliza kuhusu ruta. Aliuliza wale watu wamemtazama kwa siku ngapi. Hapakuwa na mtu wa kumjibu, kwa kuwa daftari lile huhifadhi kumbukumbu za siku chache tu na kisha huandika juu ya zile za zamani.

Sanduku la posta moja, watu wengi

Ili kuelewa kilichotokea, fikiria Sanduku la Posta la usharika. Wengi wetu tumekulia katika utaratibu huo: sanduku moja, na nyuma yake watu wengi. Mchungaji, mwinjilisti, walimu wa chekechea, wanakwaya na hata majirani, wote wanatumia S.L.P. moja. Posta haiwajui hao wote, inajua sanduku tu. Ni katibu muhtasi wa usharika ndiye anayechukua barua na kujua hii ni ya nani.

Ruta ndiyo katibu muhtasi wa nyumba yako. Kwa nje, nyumba ina anwani moja ya intaneti, iliyotolewa na kampuni inayokuuzia huduma. Kwa ndani, kila kifaa, yaani simu, kompyuta, televisheni na mashine ya kamera, kinapewa na ruta anwani yake ndogo, ambayo aghalabu huanza na 192.168. Anwani hizi za ndani hazina maana nje ya nyumba. Nyumba ya jirani nayo ina 192.168.1.5, na ya Mbeya, na ya Oslo. Tangu mwaka 1996 zimetengwa rasmi kwa matumizi ya ndani, na mtu yeyote anaweza kuzitumia bila kuomba ruhusa.

Unapofungua ukurasa wa intaneti katika simu yako, ni sawa na kumpa katibu barua aipeleke posta. Yeye anaandika kwenye daftari lake: barua hii imetoka kwa fulani. Jibu likirudi anatazama daftari, analileta kwako. Lakini ikija barua ambayo hakuna mtu wa ndani aliyeiandikia kwanza, katibu hana mahali pa kuipeleka. Anaitupa. Hii ndiyo sababu mtu aliyeko nje hawezi kuingia tu katika kompyuta yako ya nyumbani. Kinga hii haikukusudiwa iwe kinga. Utaratibu huu ulibuniwa mwaka 1994 kwa sababu ya upungufu wa anwani, lakini umetulinda kuliko vitu vingi tulivyovinunua kwa ajili ya ulinzi.

Sasa wewe uko safarini, unataka kuona kamera ya nyumbani. Simu yako ni mtu wa nje, na barua yake itatupwa kama nyingine. Hapo ndipo fundi anapofanya ile kazi ya mstari mmoja. Anaingia katika ruta na kumwachia katibu agizo la kudumu: "Barua yoyote itakayokuja imeandikwa mlango namba 8000, ipeleke kwenye mashine ya kamera iliyoko sebuleni." Mafundi huita namba hiyo poti, na kazi hiyo wanaiita kufungua poti. Anwani moja ina milango hadi 65,535, na kila huduma ina mlango uliozoeleka: kurasa za kawaida za intaneti hutumia 80, picha za video za kamera hutumia 554, na mashine za baadhi ya viwanda vikubwa hutumia 8000 au 37777.

Msomaji alisome tena agizo hilo. Limesema barua yoyote. Halikusema barua ya mchungaji, wala ya mzee wa kanisa. Katibu haulizi mwandishi ni nani. Anayeuliza ni mashine ya kamera yenyewe, kwa neno lake la siri, na kama neno hilo ni lile la kiwandani, basi hakuna anayeuliza.

Je, kwako inawezekana?

Kabla ya kubishana kama ni vema au si vema, kuna swali ambalo lingeokoa fedha za sharika mbili kati ya zile nne. Si kila intaneti inaruhusu kufungua mlango.

Anwani za intaneti za mtindo wa zamani, ambazo bado ndizo zinazotumika kwa wingi, ni takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima. Mafungu ya mwisho ya akiba ya dunia yaligawiwa Februari 2011. Shirika linalogawa anwani kwa bara letu, AFRINIC, lenye makao yake Mauritius, lilianza mgao wa kubana mwaka 2017 na likakaza zaidi mwaka 2020. Hivyo kampuni nyingi za simu hufanya kama dayosisi inavyofanya inapokuwa na sanduku moja: maelfu ya wateja wanawekwa nyuma ya anwani moja ya nje. Kuna katibu wa nyumba yako, na juu yake kuna katibu wa kampuni. Wewe unaweza kumpa agizo katibu wako, lakini barua inaishia kwa yule wa juu, na yeye hapokei maagizo yako. Fundi anaweza kukaa siku nzima akiandika kanuni katika ruta na picha isionekane.

Kupima hali hii ni kazi ya dakika tano. Ukiwa umeunganishwa na ruta, fungua ukurasa wake kwa kuandika anwani iliyobandikwa chini ya kifaa, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Tafuta mahali palipoandikwa "WAN", usome anwani iliyopo. Kisha fungua ukurasa wowote wa intaneti unaokuonyesha anwani yako inavyoonekana nje. Zikilingana, una anwani ya wazi. Zikitofautiana, uko nyuma ya katibu wa pili. Na ukiona anwani ya WAN inaanza na 10, au 192.168, au 172 ikifuatiwa na namba kati ya 16 na 31, huna haja ya kuendelea kulinganisha. Vivyo hivyo kwa inayoanza na 100 ikifuatiwa na namba kati ya 64 na 127, fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyohiyo ya makampuni.

Ruta zinazotumia laini ya simu, zile za kuweka kadi na kununua bando, mara nyingi sana ziko katika hali hii. Baadhi ya makampuni huuza anwani ya kudumu kwa ada ya mwezi. Kamati iulize bei hiyo kabla ya kununua kamera, si baada.

Kazi yenyewe inavyofanyika

Kwa yule mwenye anwani ya wazi, tunaeleza hatua, ili mwanakamati atakayesimama nyuma ya fundi aweze kuuliza maswali.

Jambo la kwanza ni kuifungia mashine ya kamera anwani moja ya ndani isiyobadilika, kwa mfano 192.168.1.50. Hili mafundi wengi hulipita haraka, na ndilo linaloleta simu za malalamiko. Umeme ukikatika na kurudi, ruta hugawa anwani upya. Mashine iliyokuwa 50 inaweza kuwa 53, na agizo la katibu linabaki linaelekeza kwenye chumba kitupu, au baya zaidi, kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Kwa maeneo yetu ambako umeme hukatika mara kwa mara, jambo hili si dogo. Njia nzuri ni kuiambia ruta yenyewe itunze anwani hiyo kwa ajili ya mashine hiyo tu.

Halafu katika ruta hutafutwa ukurasa wenye maneno "Port Forwarding" au "Virtual Server", huandikwa namba ya mlango wa nje, anwani ya ndani ya mashine, na namba ya mlango wa ndani, kisha huhifadhiwa. Kama fundi, kwa kutaka kumaliza upesi, anachagua mahali palipoandikwa "DMZ", mzuieni. Hilo si agizo la mlango mmoja. Linapeleka kwenye mashine hiyo kila barua isiyo na mwenyewe, kwa milango yote.

Jaribio lifanyike kwa simu iliyozimwa Wi-Fi, ikitumia data yake yenyewe. Ruta nyingi haziwezi kumtoa mtu nje na kumrudisha ndani kwa mlango uleule, kwa hiyo ukijaribu ukiwa sebuleni unaweza kudhani kazi imeshindikana kumbe imefanikiwa, au kinyume chake.

Tena, anwani ya nje ya nyumba nyingi hubadilika kila ruta inapowaka upya. Ili msilazimike kuitafuta kila mara, kuna huduma za jina, ambazo ruta huzipa taarifa kila anwani inapobadilika, nanyi mnatumia jina badala ya namba. Zile za bure mara nyingi hutaka mthibitishe kwa barua pepe kila baada ya muda fulani. Usharika mmoja ulipoteza picha kwa wiki sita kwa sababu barua pepe hizo zilikuwa zikienda kwa fundi aliyehamia mkoa mwingine.

Na bando je? Picha inayotumia megabiti 1 kwa sekunde hula takriban megabaiti 450 kwa saa. Ukiacha kamera moja ikitazamwa mchana na usiku, ni zaidi ya gigabaiti 10 kwa siku. Mashine nyingi zina picha ya pili, ndogo, kwa ajili ya kutazamia mbali. Fundi aiwashe hiyo.

Nani anagonga mlango

Watu hutuuliza: nani atajishughulisha na nyumba ya mchungaji wa kijijini? Swali ni la haki, lakini linachukulia kwamba mvamizi anachagua nyumba. Hachagui. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha programu inayoweza kugonga mlango mmoja katika anwani zote za dunia za mtindo huo wa zamani kwa muda usiozidi dakika 45, kwa kutumia kompyuta moja. Tangu 2009 kuna huduma iitwayo Shodan ambayo kazi yake ni kuorodhesha vifaa vilivyo wazi katika intaneti, na mtu yeyote anaweza kutafuta humo kamera kwa nchi na kwa mji. Mlango ukifunguliwa asubuhi, usishangae kukuta umekwisha gongwa kabla ya jua kuzama. Anayegonga ni mashine, na haijui kama humo ndani anaishi mchungaji au waziri.

Mwaka 2016 ilienea programu haribifu iitwayo Mirai. Haikuwa na ujanja mkubwa. Iligonga mlango namba 23, ule wa kuamuru vifaa kutoka mbali, na kujaribu maneno ya siri ya kiwandani yapatayo 60. Kwa njia hiyo tu iliteka kamera, mashine za kurekodi na ruta, hadi kufikia vifaa takriban 600,000 ilipokuwa kileleni. Tarehe 21 Oktoba 2016 vifaa vilivyotekwa vilielekezwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na huduma kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazipatikani kwa saa kadhaa kwa watu wengi. Wenye kamera hizo hawakujua lolote. Picha zao ziliendelea kuonekana kama kawaida.

Wapo watakaosema hayo ni ya Marekani. Mwezi uliofuata, Novemba 2016, jeshi la namna hiyohiyo la vifaa vilivyotekwa, kamera za ulinzi zikiwemo, lilielekezwa Liberia, dhidi ya kampuni ya simu ya Lonestar, likavuruga intaneti katika nchi ambayo njia zake za mawasiliano ya nje ni chache. Mtu aliyelifanya alikuwa amelipwa kwa kazi hiyo. Mahakama nchini Uingereza ilimhukumu Januari 2019 kifungo cha miezi 32.

Basi, je, neno la siri gumu linatosha? Linasaidia sana, na nyumba ile ya mchungaji ingeokolewa nalo. Lakini halitoshi siku zote. Septemba 2021 ilitangazwa kwamba kamera na mashine nyingi za kampuni ya Hikvision, mojawapo ya watengenezaji wakubwa duniani, zilikuwa na kasoro iliyomwezesha mtu kuzitawala bila neno la siri lolote, mradi tu aweze kuufikia mlango wa ukurasa wake. Kampuni ilitoa programu ya kurekebisha. Lakini ni mzee gani wa kanisa aliyepanda kwenye dari kuweka programu hiyo? Mashine iliyofungwa mwaka 2019 na kusahaulika ina kasoro zake zote hadi leo, na kama mlango wake uko wazi, ziko wazi pia.

Wengine hubadilisha namba ya mlango, badala ya 8000 wakaweka, tuseme, 48213. Hiyo inapunguza wagongaji wavivu. Haizuii wenye bidii.

Njia tunazozipendekeza

Kwa nyumba nyingi tunazozihudumia, ushauri wetu ni kutofungua mlango wowote. Karibu kila mashine ya kamera inayouzwa siku hizi ina huduma ya kiwanda ambayo mashine yenyewe ndiyo inayotoka kwenda kuonana na kompyuta za kampuni, na simu yako nayo inakwenda kukutana nayo huko. Kwa katibu wetu, hiyo ni barua iliyotoka ndani, hivyo jibu lake hupokelewa bila agizo la pekee. Unapiga picha ya msimbo wa mraba uliobandikwa kwenye mashine, unafungua akaunti, basi. Inafanya kazi hata kwa ruta ya bando iliyo nyuma ya katibu wa pili. Ina gharama yake: unaiamini kampuni ya mbali na njia ya kufikia picha zako, na huduma hizo nazo zimewahi kuonekana na kasoro. Sisi tunaona ni heri kuamini kampuni moja kuliko kuuachia mlango dunia nzima, ingawa tunafahamu mfadhili mmoja asiyekubaliana nasi.

Njia ya pili, ambayo sisi wenyewe tunaitumia ofisini, ni njia ya siri iitwayo VPN. Hapo unafungua mlango mmoja tu katika ruta, lakini nyuma yake haiko kamera. Iko huduma ambayo kazi yake pekee ni kukagua funguo, na simu isiyo na ufunguo haijibiwi. Programu ya WireGuard, kwa mfano, humnyamazia kabisa asiye na ufunguo, hata asijue kama kuna mlango. Simu ikishaingia, inakuwa kama iko sebuleni, na kamera zinaonekana kwa anwani zao za ndani. Inataka ruta yenye uwezo huo na fundi anayeielewa.

Njia ya tatu ni kutounganisha kabisa. Kamera hurekodi kwenye diski ndani ya nyumba, na picha hutazamwa hapohapo kukiwa na tukio. Kwa stoo ya mahindi inayofunguliwa mara mbili kwa wiki, hatuoni sababu ya zaidi ya hapo.

Ikiwa kamati, baada ya yote haya, bado ina sababu ya kufungua poti, basi neno la siri la kiwandani liondolewe kabla waya wa intaneti haujachomekwa. Programu ya mashine isasishwe, na mtu apewe kazi ya kuitazama kila baada ya miezi mitatu. Ufunguliwe mlango mmoja, si minne. Ruta zinazoweza kuruhusu anwani fulani tu za nje ziwekewe sharti hilo. Na uzimwe utaratibu uitwao UPnP, ambao huwezesha kifaa cha ndani kumwagiza katibu kifungue mlango bila mtu kujua. Katika ruta nyingi huja ukiwa umewashwa. Kamati inayosema "sisi hatujafungua poti" itazame hapo kwanza.

Funguo ziwe mikononi mwa nani

Upande huu si wa fundi, ni wetu. Hesabu ya benki ya usharika ina watia saini, na mchungaji akihamishwa saini hubadilishwa. Lakini katika sharika tulizotembelea, hatukukuta hata moja iliyobadilisha neno la siri la kamera baada ya uhamisho. Katika mmojawapo, mwinjilisti aliyeondoka miaka miwili iliyopita bado alikuwa akiona geti katika simu yake. Hakuwa na nia mbaya, alituambia mwenyewe.

Tunapendekeza maneno ya siri ya ruta na ya mashine yaandikwe, yafungwe katika bahasha, na bahasha itunzwe katika sefu pamoja na hati nyingine, kukiwa na daftari la nani amepewa ruhusa ya kutazama. Kila mtazamaji awe na jina lake la kuingilia, lisilo na uwezo wa kubadilisha mipangilio. Fundi akimaliza kazi, neno la siri libadilishwe mbele ya wanakamati wawili.

Tena kamera zielekezwe getini, stoo na njiani, si vyumbani wala kwa jirani. Hapa Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahusu pia picha za watu. Anayezikusanya anawajibika kuzilinda. Kibao kinachowajulisha wageni kwamba kuna kamera hakigharimu kitu.

Kwa kamati zinazoandaa maombi ya robo mwaka ijayo: tunaomba ule mstari wa "kuunganisha kamera na simu" uandikwe kwa urefu. Tuelezwe ni njia ipi kati ya hizi, anwani ya WAN inaanza na namba gani, na ni nani atakayeshughulikia masasisho. Kwa wafadhili wetu: mkiona katika makadirio kuna betri ya kuikinga ruta na mashine umeme unapokatika, na siku moja ya mafunzo kwa wazee wawili, msidhani ni anasa.

Ile nyumba ya mchungaji tuliimalizia kwa mchana mmoja. Tulifuta maagizo matatu yaliyokuwa katika ruta, tukazima UPnP, tukairudisha mashine katika hali ya kiwandani na kuiwekea programu mpya, tukatumia huduma ya kiwanda kwa simu mbili tu. Kamera ya sebuleni imeondolewa, na sasa sadaka huhesabiwa katika chumba cha nyuma cha kanisa. Kamera ya uani mama mchungaji aliomba ishushwe kabisa, na imeshushwa. Fundi aliyeifunga mwanzoni alikuja mwenyewe, akasimama nyuma yetu muda wote akiandika katika daftari, na jioni alituomba twende naye katika nyumba nyingine saba.